Nyundo yako, karasha la mwenzako



Mnajua bao. Mnajua drafti. Mnajua na karata, ingawa baadhi yenu mngependa nisiulize mlijifunzia wapi. Michezo hii inayochezwa chini ya miembe ya mitaa yetu ina uzuri mmoja ambao hatuusemi sana, nao ni kwamba haimuulizi mtu ana nini. Katika bao la kete, huyu huanza na kete 32 na yule huanza na kete 32. Drafti ni 12 kwa 12. Karata huchanganywa, zikakatwa, zikagawiwa sawa. Ndiyo maana kijana aliyeshuka jana kutoka Maswa na mfuko wa plastiki anaweza kumfunga bwana mkubwa wa benki pale kijiweni, mara tatu mfululizo, na bwana mkubwa asiwe na la kusema isipokuwa kudai kwamba jua lilikuwa likimchoma machoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo wa namna nyingine, ambao haugawi sawa. Kisha, kwa ridhaa yenu, tutasafiri pamoja mpaka Geita na Kahama, kwa sababu nadhani mchezo huo unasema jambo la kweli kuhusu machimbo ya dhahabu kuliko hotuba nyingi nilizopata kuzisikia.

Mchezo wenyewe ni wa mezani, nao ulianzia Marekani. Hauna ubao wala kete za kusogeza. Wanakaa watu wanne, watano. Mmoja wao ndiye mwamuzi na msimulizi. Wengine kila mmoja anachukua nafasi ya mtu wa kubuni, anaandika sifa za mtu huyo katika karatasi, na kutoka hapo wanasimuliana hadithi pamoja, huku wakitupa dadu kila inapotokea jambo la shaka: ameruka shimo au ametumbukia? amemdanganya askari au amekamatwa? Mchezo wa kwanza maarufu wa aina hii ulitolewa mwaka 1974, uitwao Dungeons & Dragons, nao ulikuwa wa majoka, mashimo na hazina zilizofichwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, kampuni ya Game Designers' Workshop ikatoa mwingine uitwao Traveller, ulioandikwa na Bwana Marc Miller. Huu ni wa mambo ya anga: watu wanasafiri kwa vyombo kutoka nyota moja hadi nyingine.

Sasa tazameni tofauti ya michezo hii miwili, maana ndipo penye jambo. Katika ule wa majoka, ukitoa dhahabu shimoni na kuifikisha salama nyumbani, dhahabu hiyo yenyewe ilikuwa inahesabiwa kuwa ni uzoefu. Kipande kimoja cha dhahabu, alama moja ya uzoefu. Ukipata dhahabu nyingi unakuwa shujaa zaidi, upanga wako unapiga vizuri zaidi na mwili wako unastahimili majeraha zaidi. Ni ndoto tamu kabisa, nami nawafahamu watu wazima kadhaa, wenye suti, wanaoishi kwa imani hiyo hiyo.

Traveller haina ndoto hiyo. Mtu wako hakui kwa kupata fedha, na stadi zake haziongezeki ila kwa taabu kubwa. Anachoweza kuongeza ni vitu: vazi la kumpa hewa mahali pasipo hewa, bunduki, sanduku la tabibu, vipuri, chombo cha kusafiria. Ukitaka kujua mtu huyu ni nani na anaweza kufanya nini, unatazama orodha ya vitu vyake, na pembeni ya orodha hiyo, madeni yake.

Wala hamuanzi sawa. Kabla mchezo haujaanza, kila mchezaji anatupa dadu kuamua mtu wake alifanya kazi gani tangu ujana: jeshini, katika meli za biashara, au katika upelelezi wa anga. Anaweza hata kufa katika hatua hii, kabla hadithi haijaanza, na hapo mchezaji anachukua karatasi nyingine. Akisalimika na kustaafu, dadu zinampa kiinua mgongo. Mmoja anaondoka na fedha taslimu. Mwingine anaondoka na tiketi ya safari moja tu. Mwingine, mwenye bahati, anaondoka na chombo kizima cha biashara.

Je, huyu wa mwisho ametajirika? Subirini kidogo.

Chombo cha kawaida cha biashara katika mchezo huo kina bei ya fedha milioni 37 na ushei. Anayekichukua kwa mkopo hulipa kila mwezi sehemu moja kati ya 240 ya bei hiyo, kwa miezi 480. Miezi 480, ndugu wasikilizaji, ni miaka 40. Kila mwezi anatoa laki moja na nusu na zaidi, na akimaliza atakuwa amelipa bei mara mbili. Chombo hicho kina nafasi ya tani 82 za mizigo, na nauli ya mzigo ni elfu moja kwa tani. Safari moja huchukua wiki, na kutua, kupakua na kutafuta mzigo mwingine ni wiki nyingine, kwa hiyo ni safari mbili kwa mwezi. Pigeni hesabu: akijaza chombo mara zote mbili bila kubaki nafasi ya debe moja, anapata 164,000. Mkopo unachukua 154,500. Zinazobaki ndizo za mafuta, za hewa na chakula, za matengenezo na za mishahara ya rubani na fundi. Hazitoshi. Kwa hiyo bwana huyu mwenye chombo cha milioni 37 anaanza kutafuta abiria, kisha anaanza kutafuta mizigo ambayo mwenyewe haulizi ndani kuna nini, na hadithi yote ya mchezo inatoka hapo. Anapokubali kazi ya hatari katika sayari ya mbali, mara nyingi si ushujaa unaompeleka. Tarehe ya kulipa imekaribia.

Na yule wa tiketi moja? Kwa maskini kuna safari ya bei nafuu: anagandishwa kama samaki wa kiwandani, anapakiwa, na akifika anayeyushwa. Kila anapoyeyushwa zinatupwa dadu mbili, na kama hakuna tabibu mzuri, mara moja katika kila sita haamki. Safari ya bei nafuu ina bei yake.

Sasa twende Geita.

Mtu anayekaa Dar es Salaam akisikia neno mchimbaji anafikiri juu ya dhahabu. Anaona mtu amechimba, ameona kitu kinameta, ametajirika au hajatajirika kwa kadiri ya bahati yake. Ni ule mchezo wa majoka. Lakini nenda Nyarugusu, nenda Lwamgasa, nenda Mgusu au machimbo ya Kahama, keti na wachimbaji wakati wa kugawana, na utaona kwamba mazungumzo ni mengine kabisa. Watu wanazungumza juu ya nani katoa nini. Leseni ya nani, duara la nani, pampu ya nani, dizeli ya nani, matimba ya nani, unga wa nani. Dhahabu yenyewe inatajwa mwishoni, tena kwa sauti ya chini.

Tuanze juu. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania, nayo hutolewa kwa miaka saba. Katika sehemu nyingi za Geita mwenye leseni hachimbi mwenyewe. Anawaruhusu wenye maduara wachimbe katika eneo lake, naye anachukua sehemu ya viroba vya mbale, aghalabu asilimia 30. Zile 70 zinazobaki ni za mwenye duara na watu wake, lakini kwanza zinatolewa gharama. Na gharama ndiyo mkopo wa miezi 480. Kuna kuvuta maji, maana duara likifika chini linajaa maji na pampu isipofanya kazi usiku kucha, asubuhi hakuna kazi. Kuna magogo ya kuzuia kuta, yaani matimba. Kuna baruti, kamba, mashine ya kupeleka hewa. Kuna chakula cha vijana wanaochimba, ambao kwa kawaida hawana mshahara: wanasubiri mgao. Duara linaweza kuchimbwa mwezi, miezi mitatu, mwaka, kabla ya kufika kwenye mwamba wenye kitu, na siku zote hizo mtu mmoja anatoa fedha.

Mtu huyo mara nyingi ni mnunuzi wa dhahabu, au mtu aliyefadhiliwa na mnunuzi. Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu kwa upande mmoja. Aliyekukopesha unga na dizeli ndiye atakayenunua ulichopata, na kabla ya masoko ya madini kuanza, mizani ya kupimia ilikuwa yake pia. Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata, Kahama ikiwemo. Mwaka huo huo Serikali ikawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na ile kodi ya zuio ya asilimia 5. Nasema bila kigugumizi kwamba hilo lilikuwa jambo jema. Mizani iliyowekwa mahali pa wazi ni zana, tena ni zana ambayo mchimbaji hakuwa nayo. Lakini soko linaanza pale dhahabu inapokuwa mkononi. Mpaka ifike mkononi imekwisha kupita mikono mingi.

Naomba sasa tusimame kidogo kwenye karasha, maana wengi wa wasomaji na wasikilizaji wa mjini hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengi kuliko leseni.

Mchimbaji akishapata viroba vyake vya mawe hana dhahabu bado. Ana mawe. Mawe hayo yapondwe, kazi ambayo sehemu nyingi wanafanya akina mama kwa nyundo, wamekaa juani, wakilipwa kwa debe. Kisha yasagwe yawe unga kwenye karasha, lile pipa la chuma linalozunguka na vyuma ndani yake. Unga huo unaoshwa kwenye mwalo, unakamatwa na zebaki, zebaki inachomwa, na kinachobaki ndiyo dhahabu. Lakini njia hii ya zebaki ina siri ambayo kila mwenye karasha anaijua: mara nyingi haitoi hata nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki imo katika ule mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao kule wanauita marudio. Na marudio, katika sehemu nyingi, hubaki kwa mwenye karasha. Ni desturi ya mahali. Anayesaga analipa kidogo au halipi, na mchanga unabaki uani.

Mwenye karasha anakusanya mchanga huo, kilima baada ya kilima, kisha anaupeleka au anauuza kwa wenye mitambo ya sayanaidi, na dhahabu ambayo zebaki ilishindwa kuitoa inatoka. Kwa hiyo yule kijana aliyeshuka duara miezi mitatu, akala ugali wa mkopo, akapanda juu na viroba vitano vya mgao wake, akavisaga, akapata gramu zake na kushukuru Mungu, ameacha nyuma yake gramu nyingine, pengine nyingi kuliko alizobeba. Hakuibiwa. Hakuna aliyevunja sheria. Alikuwa na nyundo, na mwenzake alikuwa na karasha.

Mpangilio huu ungetambuliwa mara moja na mtu aliyezoea ule mchezo wa anga. Humo pia faida kubwa haiko kwa mwenye bunduki ya kutisha. Iko kwa mwenye kitu ambacho wengine wote wanalazimika kukipitia. Wachezaji wapya, nasikia, hukimbilia silaha. Wazoefu huuliza kwanza nani anauza mafuta.

Wasukuma hawakuhitaji mchezo kutoka Marekani kulijua hili. Kabla ya dhahabu walilijua kwa jembe. Katika Shinyanga, mwenye maksai na jembe la kukokotwa hulima mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Asiye na maksai husubiri mwenye nayo amalize shamba lake, amalize la mkwewe, amalize la jirani aliyeleta debe la mtama, ndipo afike kwake. Mbegu ni ile ile, ardhi ni ile ile, mvua ni moja. Lakini huyu amepanda mapema na yule amechelewa majuma matatu, na wakati wa kuvuna watu husema fulani ni mvivu. Wengi walioko madurani leo ni watoto wa hao waliochelewa kulimiwa. Na baadhi ya wenye maduara walianza kwa kuuza ng'ombe.

Wacheza bao nao wana neno lao. Zamu ambayo unaweza kumla mwenzako inaitwa mtaji. Ukikosa mtaji unabaki kutakata, yaani unazungusha kete zako mwenyewe, huli kitu, unangoja. Sijui ni biashara iliyoazima neno kutoka kwenye bao au ni bao lililoazima kutoka dukani, lakini mchimbaji anayetakata mwaka mzima yupo, nimekwisha kumwona.

Kuna mfano wa mawe yenyewe. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, una malori ambayo moja hubeba zaidi ya tani 100 kwa safari, na katika miaka mingi umekuwa ukitoa kiasi cha wakia nusu milioni za dhahabu kwa mwaka. Miamba ambayo mgodi unaona haina dhahabu ya kutosha kulipia kusagwa hutupwa kando, vilima na vilima. Wenyeji wanaita magwangala. Kwa miaka mingi wananchi walidai wapewe magwangala hayo wajitafutie riziki, na mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wapewe. Ilikuwa furaha kubwa mjini Geita, na sioni sababu ya kuicheka furaha hiyo. Lakini fikirini: jiwe ambalo mwenye mtambo wa mamilioni ya dola amelipima na kuliona halilipi, likipewa mtu mwenye nyundo, litamlipa vipi? Kwanza atafute lori la kulibeba. Lori si lake. Kisha atafute karasha. Karasha si lake. Aliyenufaika kwanza kwa jiwe la bure ni mwenye lori.

Lakini kuwa na zana nako si usalama. Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, kulipisha kampuni kubwa, na mgodi wa kisasa ukafunguliwa hapo mwaka 2001. Kuhusu siku zile yamesemwa mengi na bado yanabishaniwa, sitayaingia leo. Ninalotaka kulitaja ni dogo tu: miongoni mwa malalamiko ya watu wale, mengi yalihusu mashine. Pampu, majenereta, winchi, karasha. Watu waliokuwa wamegeuza kila senti kuwa chuma, chuma kikabaki nyuma. Mwenye fedha mfukoni anaondoka na mfuko wake. Mwenye pampu iliyo chini ya shimo la mita 40 anaondoka na mikono yake.

Wabunifu wa michezo wanalijua hili pia. Mwaka 1984 ulitoka mchezo mmoja wa kuchekesha uitwao Paranoia, ambamo watu wanaishi ndani ya jiji linalotawaliwa na kompyuta yenye wazimu. Humo zana zote ni za kompyuta. Unakabidhiwa kifaa cha majaribio, ambacho pengine kitakulipukia mkononi, na ukirudi unaulizwa kwa nini kimeharibika. Wachezaji wanacheka mpaka machozi. Nilipousoma mara ya kwanza sikucheka sana, maana nilikumbuka kijana mmoja aliyekuwa akikatwa mgao wake kwa sababu pampu ya tajiri iliungua zamu yake.

Nimesema habari ya vazi la hewa. Katika Traveller kulivaa vazi hilo hakutoshi. Lazima uwe na stadi ya kulitumia, la sivyo siku ya hatari zinatupwa dadu, na dadu hazina huruma. Kwetu vazi la hewa ni kofia ngumu, ni matimba, ni kamba nzima isiyounganishwa vipande, ni mpira wa hewa unaofika chini. Hivi ndivyo vitu ambavyo havitoi dhahabu hata gramu moja, na kwa sababu hiyo ndivyo vya kwanza kupunguzwa mwenye fedha anapochoka kutoa. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata huko Kahama, shimo liliporomoka na kuwafunika watu. Ndugu zao walikuwa wamekwisha kata tamaa. Baada ya siku 41, wachimbaji wenzao wakasikia sauti chini ya ardhi, na watu watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufa humo. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura, na maji yaliyokuwa yakipenya. Dunia nzima iliwashangaa, na ilikuwa haki kuwashangaa. Lakini katika kushangaa huko nilisikia watu wengi wakiuliza walikula nini, na wachache wakiuliza nani alikuwa na wajibu wa kununua magogo.

Je, hakuna lililofanyika? Limefanyika. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga vituo vya mfano Lwamgasa na Katente huko Geita, na Itumbi kule Chunya, ambako mchimbaji anaweza kupeleka mbale yake ikachenjuliwa kwa mitambo inayotoa dhahabu zaidi kuliko zebaki. Shirika hilo pia limenunua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili mtu ajue kilichoko chini kabla ya kuuza ng'ombe. Tanzania iliridhia mwaka 2020 ule mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Hizi ni hatua, nami nazisifu. Lakini mbale ni mzigo mzito. Mwenye viroba vitano Nyarugusu hatakodi gari kwenda kituo cha mbali wakati karasha linanguruma hatua mia mbili kutoka alipo, na mwenye karasha ni mtu anayemfahamu, aliyempa mkopo mtoto alipougua. Mitambo ya Serikali inashindana na jirani mwema, na jirani mwema ana nguvu sana.

Lipo jambo lingine ambalo halihitaji mtambo wowote. Katika ule mchezo kila kitu kimeandikwa. Mchezaji ana karatasi mbele yake: vazi moja la hewa, taa mbili, chakula cha siku kumi, deni kiasi hiki, linalipwa tarehe fulani. Mwamuzi akimwambia kitu fulani si chake, anaonyesha karatasi. Huko madurani makubaliano mengi ni ya mdomo. Kijana anashuka chini akijua kwamba ana sehemu yake katika viroba, lakini sehemu ya viroba vipi? Kabla ya dizeli au baada ya dizeli? Pampu ikiungua ni ya nani? Akiugua mwezi mmoja, mgao wake upo au umekufa? Na marudio je? Haya yote yanajibiwa siku ya kugawana, wakati mawe yako mbele ya watu na kila mmoja ana njaa, na anayejibu ni yule aliyetoa fedha.

Nilipata kuona katika machimbo fulani, sitayataja, mwenye duara mmoja aliyekuwa na daftari la shule la kurasa 48. Ukurasa wa kushoto aliandika kila kilichonunuliwa, na bei yake, na aliyekileta. Ukurasa wa kulia aliandika majina ya vijana wake na siku walizofanya kazi. Mwisho wa kila juma alilisoma kwa sauti mbele yao wote, na asiyejua kusoma alikuwa na rafiki wa kumtazamia. Vijana walimlalamikia kama wanavyowalalamikia wenye maduara wote, tena kwa makelele. Lakini duara lake lilikuwa na watu wale wale kwa misimu mitatu, ilhali maduara ya jirani yalibadilisha watu kila baada ya rashi mpya kutangazwa. Nilimuuliza kuhusu marudio. Akafungua ukurasa wa nyuma. Alikuwa amepatana na mwenye karasha kwamba viroba vikizidi 20, nusu ya marudio irudi kwao, na vijana walikuwa wanajua.

Nikamuuliza mwenye karasha alikubalije. Akasema alikataa mara mbili, na mara ya tatu akaona viroba 20 vinapakiwa kwenye toroli kuelekea karasha la upande wa pili wa barabara.

Kwa leo naishia hapo.